Kinyonga Aliyezaa Mbele Yetu

Sisi tuliokulia Kilema, mlimani Kilimanjaro, hatukufundishwa wanyama na simu. Tulirudi kutoka shule, tukanywa kitawa, uji wetu wa ndizi, kilichopoa, tukashika mundu kwenda kukata majani ya ng'ombe, na huko kihambani, chini ya migomba na mibuni, ndiko tulikosoma. Mbega tuliwajua kwa mikia yao myeupe. Perere alitushinda: mnene kama sungura, masikio marefu hana, na mwalimu kashikilia kwamba ni ndugu wa tembo. Tulicheka mpaka akatutoa nje.

Kinyonga hatukumcheka. Huyo tulimwogopa. Jicho moja linakutazama wewe, lingine linamtazama nzi, na ulimi anaufyatua mrefu kuliko mwili wake. Tuliambiwa akikuparamia hashuki mpaka radi ipige, na ng'ombe akimla kwenye majani, haponi. Na ng'ombe wa bibi alikuwa na mimba. Bibi alimpenda kuliko sisi wajukuu, nasema kweli tupu.

Basi siku moja mimi na kaka yangu Deo tulikuwa tunatua mzigo wa majani bandani, akachomoza kinyonga wa kijani, mstari ubavuni, tumbo limejaa.

"Mpige huyo kabla ng'ombe hajamfikia," bibi akaniambia.

Nikampiga fimbo ya mgongo. Akageuka mweusi tii. Nilipoinua fimbo tena, Deo akanidaka mkono. Kinyonga alikuwa anazaa.

Na si mayai, ni watoto. Kila mmoja alidondoka ndani ya kiutando chenye majimaji, akatulia kidogo, akajinyoosha, akakipasua, akaondoka zake akitembea. Mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, na tayari anajua kushika kijiti. Nani kamfundisha? Mpaka leo nikisimulia mwili unanisisimka.

Bibi akaenda mpakani mwa kihamba, akachuma jani la isale, akalipiga fundo. Kwetu Wachaga, ukiletewa jani hilo huwezi kukataa kusamehe.

"Mpelekee mwenyewe," akasema. "Tumempiga mzazi."

Nililiweka mbele ya kinyonga. Akalipita, akaburuta mguu mmoja, akapanda mbuni. Ng'ombe alizaa salama wiki ile. Yule kinyonga sijui kama alipona.

Krismasi iliyopita nilipanda nyumbani na mwanangu. Kijana huyo anawajua vinyonga wote, hata wa Madagaska, kawaona kwenye simu, ila mundu akiushika nauhurumia mundu. Alitaka kumwona mmoja kwa macho yake. Tulizunguka kihamba kizima. Mibuni mingi imeng'olewa, iliyobaki inapigwa dawa. Hatukuona hata mmoja.

"Mama, wameenda wapi?" akaniuliza.

Nilikuwa tayari kuilaumu dawa, na hawa watu wa siku hizi wasiojali kitu. Nikajikuta nasema, "Mmoja nilimpiga mimi."