Droni Iliyozimika Juu ya Shule

Wenzake wa ofisi ya upimaji walimwita Rubani, ingawa maishani mwake hajapanda ndege hata ya mizigo. Kazi yake kurusha droni na kupiga picha za viwanja na mapaa. Miaka sita hakuwahi kuiangusha, na sifa hiyo alihakikisha kila mtu anaijua. Asubuhi hiyo sasa, droni ikazimika ghafla hewani, ikaporomoka na kutoboa paa la darasa. Bahati tu watoto walikuwa nje, mapumzikoni.

Saa nane mchana alikuwa nje ya ofisi ya meneja, hakaliki. Aketi, ainuke, apekue mkoba bila kujua anatafuta nini. Mle ndani alikuwemo mdogo wake, aliyemtafutia kazi hapo yeye mwenyewe, kazi ya kuchaji betri. Meneja alishakata shauri: umeme umekatika hewani, basi betri haikuchajiwa, na aliyepaswa kuichaji afungashe virago.

Uongo mtupu! Betri ilijaa pomoni. Ila ina vishikizo viwili, na kila kimoja kikinasa hulia tak. Usiposikia tak mbili, hurushi. Leo pale shuleni, mdogo wake akiwa kando na sanduku la betri, Rubani alikuwa anabishana na mwalimu mkuu, akasikia moja, akarusha. Mtu mzima kabisa, jamani!

"Liwalo na liwe," akajisemea, akasukuma mlango bila hata hodi.

"Bosi, mwache huyu. Betri niliiweka mimi, na sikuifunga sawasawa. Kilinasa kishikizo kimoja tu, ikachomoka hewani."

Meneja akavua miwani. "Una uhakika?"

Kabla hajajibu, mdogo wake akadakia kwa sauti ndogo. "Ni kweli. Hata mimi nilisikia mlio mmoja."

Rubani akamgeukia. "Ulisikia?"

"Nilisikia, dada."

"Ukanyamaza? Darasa lile lina watoto hamsini!"

Mdogo wake akainamisha kichwa. "Ulikuwa unaongea na mwalimu mkuu. Ningekukatiza mbele za watu, ungeniambiaje?"

Hasira zilimpanda, akataka amshushue. Ila alijua vizuri mno angemwambiaje. Angemwambia yaleyale aliyomwambia tangu mama yao alipofariki akabaki kumlea peke yake: "Wakubwa wakiongea, wewe funga mdomo wako."