Ukuta na Taa ya Ubavuni

Mume wangu ni fundi plasta, na akiingia nyumba ya watu husalimia ukuta kabla ya wenyewe. Hulaza shavu ukutani, akafumba jicho moja, akautazama hadi mwisho, ndipo akumbuke kusema hamjambo. Aibu yote hubaki kwangu. Mimi ni fundi umeme. Tangu tuoane ananilaumu kwamba natoboa kuta alizozinyoosha yeye, nami humjibu kwamba bila mimi kazi yake ingetazamwa kwa kupapasa. Watoto wetu watatu wamelelewa ndani ya ugomvi huo na hakuna aliyedhurika.

Mtu mwenye jicho kali hivyo ana ukuta mmoja asiotaka kuuona. Uko katika maktaba ya zamani, chumba cha kusomea, upande mrefu usio na madirisha. Aliupiga plasta miaka thelathini na moja iliyopita, na umevimba katikati, tena una makovu matatu pale plasta ilipokataa kuungana. Vijana anaowafundisha kazi wakimwuliza, huwaambia ulipigwa na fundi fulani, sasa ni marehemu. Marehemu hajitetei. Ukweli tuliujua mimi na mafundi wachache wa rika lake. Kila alipokosoa waya zangu, nilimwuliza hali ya marehemu.

Maktaba ikahamia jengo jipya, chumba kikabaki kitupu. Ndipo akaja msanii, binti wa umri wa kifungua mimba wetu, ambaye sanaa yake ni taa tu. Hachori wala hachongi. Anaweka mwanga ndani ya jengo ili jengo lenyewe liseme. Nilipomwuliza picha zitatundikwa wapi, alinionyesha ule ukuta akasema, "Picha ni hiyo, mama." Akanipa mchoro wa kazi: madirisha yote yazibwe kwa kitambaa cheusi, na taa moja ndefu ilazwe sakafuni, sentimita nne kutoka ukutani, ikimulika kwenda juu. Siku ya ufunguzi aliwaalika mafundi wote waliowahi kufanya kazi humo.

Kila fundi plasta anaiogopa taa ya namna hiyo. Taa ikikaa mbele ya ukuta, husamehe. Ikikaa ubavuni, kila bonde hutupa kivuli, na kasoro nyembamba kama ukucha huonekana toka mlangoni.

"Sogeza taa," mume wangu aliniambia nilipompa habari. Alikuwa ameacha kula.

"Mchoro si wangu."

"Nusu mita tu, mama watoto. Nani atapima?"

"Yeye. Anatembea na futi mfukoni."

"Basi nimekwisha. Wazee wenzangu watakuwepo, na wanajua ni nani aliyeupiga. Miaka yote nawafokea vijana wanyooshe kuta, leo waje waone tumbo lile?"

Nilicheka, halafu nikaona yeye hacheki. Nilimhurumia kweli, lakini taa niliilaza pale pale ilipochorwa.

Siku moja kabla ya ufunguzi, asubuhi, nilitoka kununua skrubu. Niliporudi nilimkuta juu ya jukwaa, mwiko mkononi, ameshalifunika tumbo lote kwa plasta mpya, laini, bado mbichi. Theluthi ya ukuta ilikuwa imenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Kabla sijafungua mdomo, msanii akaingia nyuma yangu.

Hakupiga kelele. Aliwasha taa, akatazama. Palipopigwa upya mwanga ulipita bila kushika kitu, kama kwenye ukuta wa ofisi yoyote. Machozi yakamlengalenga.

"Nimezunguka majengo kumi na saba," alisema. "Nilichagua hili kwa sababu ya ukuta huu. Aliyeupiga alikuwa na jambo moyoni, mkono wake unaonekana. Nilitaka kumjua."

"Nasikia ni marehemu," nikasema, maana ulimi wangu haunipi nafasi ya kufikiri.

Mume wangu alishuka ngazi polepole. "Marehemu ndiye mimi, mwanangu," alisema. "Leta maji. Haijashika bado."

Tuliosha kwa sifongo sote watatu hadi saa nane mchana, na ule wa kale ukatoka mzima, makovu na yote.

Kesho yake chumba kilijaa. Nilipowasha taa, kila mzunguko wa mwiko ulionekana, mamia kwa mamia, na lile tumbo likasimama katikati na kivuli chake. Kijana mmoja, mwanafunzi wa mume wangu, akauliza ni nani aliyeipiga kazi hii. Msanii alimwachia mwenyewe.

"Mimi," mume wangu alisema. Akavua kofia, akaenda kuweka kiganja kwenye kovu la kwanza. "Hapa niliacha kazi nikakimbilia hospitali. Mke wangu alikuwa na uchungu siku ya pili. Wauguzi wakanifukuza, na mimi kukaa bure siwezi, nikarudi. Plasta ilikuwa imekauka, haikuungana." Akasogea. "Hapa nilikimbia tena. Wakaniambia mama na mtoto wote wako hatarini. Hili tumbo nilipiga nikilia, ubao wa kunyooshea siuoni." Akafika kovu la tatu. "Na hapa ndipo walipokuja kuniita, mtoto amezaliwa."

Kifungua mimba wetu, mwanamke mzima mwenye watoto wake, alikuwa amesimama nyuma. "Kumbe aliyepinda ukuta ni mimi, baba?" Watu wakacheka, naye akacheka huku akifuta macho.

Mimi sikuweza. Siku zile hakuna muuguzi aliyeniambia kwamba kuna mtu alikuja. Nilijifungua nikiamini mume wangu amechagua kazi yake, nikalimeza jambo hilo, na badala ya kumwuliza nikawa namtania kwa ukuta wake miaka thelathini na moja.

"Mbona hukuniambia?" nilimwuliza nilipomfikia.

"Ukuta mbovu ni mbovu," alisema. "Nikusingizie wewe na mtoto?"

Nilimshika mkono mbele ya mafundi wote. Saa ya kufunga ilipofika walinitafuta mimi nizime taa, maana swichi ilikuwa ni yangu. Niliwaambia wasubiri kidogo.