Mkono wa Chumvi

Dada yangu amepikia karamu za kisiwa hiki miaka thelathini na moja, na hajawahi kula hata moja akiwa amekaa. Mimi ni shahidi, maana miaka ishirini na sita kati ya hiyo nilikuwa nyuma yake na kisu, nalia. Vitunguu hivyo, msinihurumie. Ndiyo kazi aliyonipa siku ya kwanza na ndiyo aliyoniachia. "Wewe ni mkono wa vitunguu," huniambia. Mkono wa chumvi ni wake.

Na hilo la chumvi si mzaha. Uani kwake kuna masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea, na kopo la zamani la maziwa, limechubuka rangi, ambamo anaweka chumvi. Mchuzi ukichemka na mafuta yakapanda juu, Dada anavua pete, anafuta mkono kwenye gauni, anasema neno moja: "Geukeni." Basi tunageuka kutazama ukuta, wanawake wazima wenye wajukuu, kama watoto waliokutwa na kosa. Tukirudisha nyuso, mchuzi umeshakuwa mchuzi. Mara moja nilichungulia. Nilipigwa mwiko wa bega, na wakati huo nilikuwa na watoto wawili.

Sitaficha, nilikuwa na kijicho na kopo lile. Nilitaka, kabla sijafa, mara moja tu niambiwe: tia wewe.

Basi binti yake wa pekee akapata mchumba, kijana wa ng'ambo, na siku ikapangwa. Dada alipoanza kuhesabu kuku, yule mtoto akamkatiza. "Mama, siku yangu utakaa. Meza ya mbele, viatu miguuni, mikono mitupu. Ukiinuka kwenda jikoni, na mimi nainuka nakufuata, na shela langu na maua yangu. Wakwe watutazame." Nasi tulijua hatanii. Kichwa kigumu kile hakukiokota njiani.

Dada akakubali shingo upande. Siku mbili kabla ya harusi akanivuta stoo, akafunga mlango, akanong'ona: "Mchuzi ukichemka, tia wewe. Kiganja kimoja na nusu kila sufuria. Usimwambie mtu."

Jamani, nilitoka mle stoo miguu haigusi chini. Nyumbani nilijaza ndoo mchanga nikafanya mazoezi, kiganja kimoja na nusu, kiganja kimoja na nusu, mpaka mume wangu akauliza kama najenga.

Siku yenyewe ilianza na moshi na vicheko. Jikoni tulikuwa watatu wa kazi: mimi, Wifi, mke wa kaka yetu, aliyeshika wali, na jirani tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi, aliyeshika kuni. Wakwe walikuwa wanakuja na boti ya saa sita, na wageni wote pamoja walikuwa mia tatu. Ukumbi uko hatua ishirini tu kutoka uani. Kupitia mlango nilimwona Dada kwenye meza ya mbele, gauni la bluu, amekaa kwa wasiwasi kama mtu aliyeazimwa kiti.

Mchuzi ukachemka. Sikuweza kusema "geukeni", siri ni siri. Nikasubiri Wifi aende bombani na Redio ainame kupuliza moto, nikatia haraka haraka, masufuria yote matatu, nikafunika. Nilijisikia nimekua ghafla. Baadaye nikamkuta Wifi anakung'uta kiganja karibu na kopo, sikujali. Redio naye tangu asubuhi hakuwa amesema kitu, nikadhani anaumwa jino. Ningejiuliza hapo, yasingenikuta.

Honi ya boti ilipolia nikachota kijiko nionje. Nilitema. Ile haikuwa chumvi ya chakula, ilikuwa bahari yenyewe imepikwa na kuku.

"Nani kagusa kopo?" nikauliza.

Wifi akatazama chini. "Dada aliniambia nitie mimi. Kasema nisimwambie mtu."

"Lini?"

"Jumatano. Stoo."

Redio akafungua mdomo kwa mara ya kwanza siku ile. "Na mimi Jumatano. Stoo."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Kumbe hakuniamini. Kumbe alituambia wote, mmoja akisahau mwingine akumbuke, na sisi wote watiifu, tumefundishwa miaka yote kutotazamana wakati wa chumvi. Nilitaka kutupa mwiko nikaenda zangu. Lakini nikamwona bibi harusi mlangoni pa ukumbi, anang'aa, anamwangalia mama yake aliyekaa, na hasira ikaniisha nusu.

"Tumwite?" Wifi akauliza.

"Umwite aharibu harusi ya mwanawe? Manahodha wengi ndio waliotufikisha hapa. Leo nahodha ni mimi." Sijui maneno hayo yalitoka wapi. "Wali umeshautia chumvi?"

"Bado. Maji ndiyo yanachemka."

"Usitie hata chembe."

Nikamwaga nyanya zote zilizobaki ndani ya mchuzi, nikaongeza maji, Redio akachochea moto mpaka nyusi zikaungua kidogo. Kisha nikawakusanya wapakuaji. Siku zote kwetu mchuzi hutolewa kwenye bakuli, pembeni. "Leo bakuli hakuna," nikawaambia. "Mchuzi unamwagwa juu ya wali, hapo hapo sahanini. Mtu asile kimoja bila kingine."

Sahani zikatoka, mia tatu. Nikasimama mlangoni na upawa wangu. Mpakuaji aliyefika meza ya mbele alikuwa na wali tu, mchuzi ulikuwa bado unakuja nyuma yake. Na Dada, mimi namjua, hawezi kungoja. Akachukua kijiko cha wali mtupu, akatafuna, akaacha kutafuna. Akaweka mikono miwili mezani na kuanza kuinuka.

Kwenye meza ya maharusi, shela nalo likaanza kuinuka.

Sijui nilivukaje ukumbi ule. Nilifika na upawa umejaa, nikammwagia mchuzi Dada juu ya wali mbele ya wakwe, mwingine ukaruka kwenye gauni la bluu. "Changanya kwanza," nikamwambia. Sijawahi kumwamuru Dada kitu maishani.

Akanitazama. Akakaa. Akachanganya, akala kijiko kimoja, akala cha pili polepole. Shela likashuka.

"Wali hauna chumvi," akasema kwa sauti ya chini.

"Hauna."

"Mchuzi una chumvi ya watu watatu."

"Unayo, Dada. Ulituita wote stoo."

Dada yangu ana umri wa miaka hamsini na mitano na siku ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona ameona haya. "Niliogopa," akasema. "Nisamehe, mdogo wangu." Kisha akala sahani nzima, amekaa, mpaka punje ya mwisho, na mama mkwe wa binti yake akaomba aongezewe.

Gauni halikutoka doa. Hakunikaripia, jambo ambalo lilinitia hofu zaidi ya kukaripiwa.

Wiki tatu baadaye tulikuwa uani tena, harusi ya mtoto wa fundi viatu. Nilikata vitunguu vyangu, nikalia zangu. Mafuta yakapanda juu. Dada akavua pete, akachukua kopo.

"Geukeni," akasema.

Tukageuka, Wifi, Redio na mimi. Nikautazama ukuta ninaoujua kila ufa.

"Si wewe," akasema Dada. "Wewe njoo huku, ushike kopo."