Mbio za Masalu Barabara ya Musoma

Iko siku moja, mwanangu, kila nikiikumbuka sijui nicheke au nitafute fimbo. Na wewe juzi umenifanya niikumbuke tena. Umekuja hapa kwangu Igoma na kichupa chako cha maji yenye vipande vya tango. Nikakuwekea ugali wa udaga, wa muhogo, na dagaa, ukabana pua hivi, ukasema, "Bibi, mimi siku hizi sili na watu. Naishi maisha rahisi, ya afya." Ukaingia chumbani na kibakuli chako cha majani, ukafunga mlango. Binamu zako wanakula uani wanacheka, wewe unatafuna ndani kama mbuzi aliyefungiwa. Nilisema moyoni, huyu katoka kwa babu yake moja kwa moja, hata kidevu ni kile kile.

Babu yako Masalu hukumkuta. Nilimpenda, Mungu amrehemu, lakini kuna siku nilitamani kumrudisha kwao, na shida ni kwamba kwao ndiko tulikokuwa tunaishi.

Hizo zilikuwa enzi za Ujamaa. Tulikuwa tumehamishiwa kijijini, huku huku pembeni ya Igoma, wakati hakuna maduka wala gereji, ni pamba tu na mawe. Watu wametolewa huko na huko, wamepangwa nyumba kwa mstari. Jirani yako wa zamani yuko kule mwisho, wa sasa hata jina humjui. Sasa wanaume walikuwa wanajuana wapi? Shikome. Ni moto wa jioni, unawashwa uwanjani, kila nyumba inapeleka ugali wake na mboga yake, wanaume na vijana wanakula pamoja na kuongea. Mgeni akila pale mara moja, kesho yake hata mbwa hawambwekei.

Basi kijiji kikamchagua Masalu aende mjini semina ya afya. Nikamfungia michembe, viazi vikavu vya kutafuna njiani, akaenda. Aliyerudi hakuwa Masalu, alikuwa mwalimu. Kifua mbele, mikono nyuma, sauti inatokea puani: "Mke wangu, kuanzia leo ni maisha rahisi. Maji ya kuchemsha. Choo kifunikwe. Kila mtu na sahani yake. Na mazoezi ya viungo."

Maji sikuyakataa, mwanangu, na choo sikukikataa. Watoto walikuwa wanaharisha kila masika, na tangu nianze kuchemsha walipumzika. Hapo semina ilisema kweli. Lakini yule mwanaume hakujua pa kuishia. Shikome akaiacha. Anasema, "Mikono ya watu wote wale kwenye sahani moja, unajua ina wadudu wangapi?" Nikamwambia, sijui, wewe uliyewahesabu niambie. Hakucheka. Semina ilikuwa imemtoa kicheko. Akapigilia meza ya mbao za sanduku, akawa anakula hapo peke yake, mlango umefungwa, mchicha wake, karanga zake, ugali kama ngumi ya mtoto. Mimi na mama mkwe tunakula jikoni tunasikia anavyotafuna. Akakonda mpaka shati likawa linavaa upepo.

Halafu zikaja mbio. Alfajiri anaamka, anavaa bukta nyeupe na singilendi, katambuga za tairi miguuni, taulo kichwani, anashika barabara ya Musoma. "Moja mbili, moja mbili," anajihesabia mwenyewe. Na saa hiyo hiyo watu wazima wameinama kwenye shamba la kijiji wanapalilia pamba. Anawapita. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Shija, mtu wa kuongea taratibu kama anavuka mto hajui kina: "Masalu... jembe... lako... liko wapi?" Masalu bila kusimama, "Namaliza mazoezi kwanza, mzee, nakuja." Haji. Akirudi kachoka, anajilaza.

Mama mkwe alimwambia, tena kwa upole, na yeye ulimi wake ulikuwa wa Kisukuma kabisa: "Ng'wana wane, mwanangu, jasho lako unalimwaga balabalani. Ungelimwaga kwenye pamba, si tungevuna?" Masalu akamjibu, "Mama, wewe huelewi sayansi." Mama mkwe akanitazama mimi. Mimi nikatazama sufuria.

Ndiyo tukafika siku yenyewe. Ng'ombe wa mzee mmoja, upande wa pili wa kijiji, asubuhi walikutwa hawapo zizini. Ukapigwa mwano. Wewe mwano unausikia kwenye hadithi tu. Ni yowe la kuita watu, na likipigwa kila mwanaume anaacha alichoshika, anachukua fimbo au rungu, anakimbilia linakotokea. Hakuna kuuliza. Sasa hebu fikiri na kichwa chako kilichosoma: watu wamekasirika, wana marungu, wanatokeza barabarani, na mbele yao wanamwona nani? Mwanaume mwembamba, kajifunga taulo kichwani, anakimbia.

Masalu mwano hakuusikia, alikuwa na moja mbili zake. Akageuka, akaona kundi zima linakuja mbio. Unajua alifanya nini? Alifurahi. Alidhani kijiji kimekubali mazoezi. Alikuja kunisimulia mwenyewe, tena kwa aibu: aliwapungia mkono, akasema, "Karibuni, karibuni, pumueni kwa pua." Rungu la kwanza likampita sikioni. Hapo ndipo alipokimbia mbio za kweli, na mtu akikimbia vile, mbele ya watu wenye hasira, huwa ameshakiri.

Mimi nilikuwa nafagia uani. Kijana akapita anapiga kelele, "Mwizi kaonekana barabarani, kavaa bukta nyeupe." Ufagio ulinitoka mkononi. Nilikuwa na baba yako mgongoni, bado ananyonya, na kitu pekee kilichokuwa kichwani mwangu ni kwamba mtoto huyu atakua anaambiwa baba yake alikufa mwizi. Nikakimbia. Mama mkwe alikuwa mnene, magoti mabovu, kila siku anaomba nimshike mkono kwenda chooni. Siku ile alinipita, mwanangu. Alinipita kama mimi nimesimama.

Tulimkuta kwenye mtaro kando ya pamba, wamemzunguka. Katambuga moja hana, taulo limeanguka, damu puani. Wanamuuliza, "Ng'ombe umewapeleka wapi?" Pumzi imekwisha, hawezi kusema hata jina lake. Anafungua mdomo kama sato aliyetolewa majini. Mmoja akauliza, "Nani anamfahamu huyu?" Wanaume wa upande ule wote walitazama uso wa mume wangu, na tangu semina hakuna aliyeuona kwenye moto. Mzee Shija alikuwepo. Akasogea, akakunja macho, maana alimzoea akipita mbio kwa mbali, si uso umejaa damu. "Huyu... ni kama... Masalu. Lakini Masalu... alikuwa mnene. Na Masalu... siku nyingi... sijala naye."

Rungu la mmoja wao lilikuwa bado juu. Mama mkwe hakuwabembeleza. Alipasua katikati yao, akamkalia mwanawe. Alimkalia mgongoni, mzima mzima, akatandaza kanga yake vizuri kama amefika kwenye ngoma. Akasema, "Haya, pigeni. Mtaanza na mimi." Rungu likashuka taratibu. Kisha akawaambia, "Mwizi gani anakimbilia balabalani, mchana kweupe, anawapungia mkono? Mwizi ana akili. Huyu ni mwanangu. Kosa lake ni moja, anakula peke yake."

Kuna aliyecheka, halafu wote. Masalu chini kule anagugumia, "Mama, sipumui." Mama mkwe akamwambia, "Pumua kwa pua."

Wakati tunamwinua, ng'ombe wenyewe wakaonekana. Hawakuibiwa. Walikuwa wametoka zizini wenyewe, wako katikati ya pamba ya kijiji, wamejificha kwenye magugu, maana palizi ilichelewa na majani yalikuwa yamefika tumboni mwao.

Nyumbani mama mkwe alinigeukia mimi. "Na wewe. Unamwona mume wako anajifungia, unampelekea sahani, unafunga mlango vizuri. Ungekuwa unamuunguzia huo ugali angetoka kutafuta kwa watu." Mkwe akisema kweli unakunja kanga unakaa.

Jioni Masalu alibeba ugali mwenyewe mpaka shikome, anachechemea, pua imevimba. Wakamkaribisha, "Mficheni ng'ombe, kaja." Akakaa, akala, akataniwa mpaka moto ukazima. Kesho yake akaenda na maji ya kuchemsha na beseni, akasema watu wanawe kwanza. Wakamcheka, lakini wakanawa, kwa sababu alikuwa mtu wao. Miezi yote aliyowahubiria akiwa mlangoni kwake hakunawa mtu. Mbio hakuziacha, alikuwa anakimbia na jembe begani, mwisho wake shambani, na Mzee Shija anamngoja.

Sasa sikiliza, na usinikunjie uso. Maji yako ya matango kunywa. Majani yako kula, sukari punguza, soda mimi mwenyewe zilinishinda. Kimbia ukitaka, miguu ni yako. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Umepanga chumba, mwaka mzima, na nilipokwenda huko kukuulizia, jirani yako wa mlango wa pili akaniambia, "Dada gani, bibi? Huyo simjui." Nilikaa kwenye ngazi nikakasirika peke yangu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukianguka humo ndani na kibakuli chako, nani ataanza kugonga? Hayo unayoyaita maisha rahisi ni kujificha tu. Maisha rahisi ni mtu akikukosa jioni moja, aulize. Afya anza nayo kwa watu: chukua mchicha wako, mpelekee yule wa mlango wa pili, mwambie nimezidisha. Hata kama hujazidisha. Na ukija kwangu tena utakula uani, ukiwa na majani, ukiwa na mawe, ni uani.

Haya, mwanangu, inamisha kichwa. Mungu akupe damu safi na usingizi mzuri. Akupe magoti yasiyokusumbua mpaka uzeeni. Akuzungushie watu wanaoujua uso wako hata ukikonda, na siku ya yowe awepo mmoja mnene, asiyeogopa, wa kukukalia.