Safari Niliyoiita Lazima

Wiki iliyopita, katika kikao cha walimu wa chuo ninakofundisha, liliwekwa mezani pendekezo kwamba kila mwanafunzi wetu asome muhula mmoja nje ya nchi, atake asitake. Nusu ya walimu waliguna. Mmoja alisema kumlazimisha mtu mzima kupanda ndege ni ubabe, mwingine akauliza wenye wazazi wagonjwa watafanyaje. Maswali ya haki kabisa. Lakini hilo neno "lazima" mimi nalo tunajuana. Nilimdanganya baba yangu kwa neno hilo hilo.

Nilikuwa mwaka wa pili, nikisoma mambo ya maji: kuyachimba, kuyasafisha, kuyafikisha majumbani. Kwetu Timbwani, upande wa Likoni, mfereji wa uani ulikuwa pambo tu, ukiufungua unakoroma bila kutoa tone, maji tuliyanunua kwa mitungi kutoka kwenye mkokoteni. Basi siku lilipobandikwa tangazo kwamba chuo kimoja cha Malaysia kingewapokea wanafunzi wetu sita kwa muhula mmoja, gharama zote juu ya chuo hicho, nililisoma mara nne nikiwa nimesimama, mkoba begani. Nilijaza maombi siku ile ile. Nikachaguliwa! Nilipiga kigelegele ukumbini mpaka karani akachungulia dirishani kuona nani anaolewa.

Nilivuka feri nikicheka peke yangu. Nilipokaribia nyumbani ndipo nilipokumbuka watu wangu. Ukoo wetu haukuwa na msichana aliyewahi kulala ugenini peke yake, seuze kukaa miezi minne. Baba hakuwa mkali. Lakini alikuwa na dada yake mkubwa aliyekaa Mjambere, huko Kisauni, na neno la shangazi huyo likitoka Kisauni lilikuwa linafika Likoni kabla ya feri. Nikaona hapa pasipokuwa na ujanja siendi popote.

"Baba," nikamwambia, "chuo kimetulazimisha. Asiyekwenda hamalizi masomo."

Baba alivaa miwani, akaichukua fomu ya ruhusa ya mzazi, akakaa nayo mpaka chai yake ikaisha. Kisha akatia sahihi.

"Kama ni lazima, ni lazima," akasema.

Niliingia chumbani nikajifungia, nikacheza bila muziki.

Nilichosahau ni kuaga. Kwetu msafiri haondoki hivi hivi. Huzungushwa kwa jamaa, nyumba kwa nyumba, aombe radhi na kuombewa dua, na baba alisema atanizungusha mwenyewe. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa tukaanzia Magongo, kwa ami zake. Kila nyumba, kabla sijakaa vizuri, baba alikuwa ameshasema, "Chuo kimewalazimisha, hatuna hila." Nami nilikuwa nikiangalia jamvi. Aibu ilikuwepo, lakini nikisema ilishinda furaha nitakuwa naongopa tena. Nilipewa visheti, nikapewa ubani, nikapewa sweta zito na mtu aliyeamini kwamba ng'ambo kote ni baridi. Nilikuwa tayari kulivaa hapo hapo, na jua lile la Magongo.

Shangazi tulimkuta barazani, amekaa kama hakimu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Keti." Kisha akamgeukia baba. "Wewe, haya niliyoyasikia ni kweli? Mwana wa kike, pekee, nti za watu? Ndivyo tulivyolelewa?"

"Ni lazima, dada."

"Lazima ya nani?"

"Ya chuo. Asipokwenda, masomo yake yote yamekwenda na maji."

Shangazi alinigeukia. Angesema hapana, baba asingempinga mbele ya watu, na Malaysia yangu ingeishia pale barazani.

"Basi," akasema, "ikiwa ni lazima, na ende. Lazima haina mjadala." Akaingia ndani akatoka na leso mpya, doti nzima, akanitupia mapajani. "Na ujifunike uzuri, sio ukifika huko ukajisahau."

Siku ya safari, mama alikuwa ananifungia sanduku. Yeye ukweli nilikuwa nimeshamwambia zamani. Aliivuta zipu mpaka mwisho, akaniuliza, "Radhi ya babako utaiombaje, na wewe umemdanganya?"

Baada ya adhuhuri, baba alisimama mlangoni ameuinua msahafu, ili nipite chini yake kama wanavyopita wasafiri wa kwetu wote.

"Binti."

"Abee, baba."

"Haya, pita."

Sikupita. Nikisema kweli, angeweza kuushusha msahafu na mimi nikabaki Timbwani. Nikinyamaza, ningeondoka na radhi ya wizi. Nilikuwa naitamani mno safari ile, na bado nikasema.

"Baba, nisamehe. Si lazima. Nilikudanganya, niliomba mwenyewe."

Msahafu haukushuka.

"Mwanangu," akasema, "miaka thelathini kazi yangu Changamwe ilikuwa kusoma karatasi za mizigo ya watu. Sijapata kutia sahihi kitu nisichokisoma. Ile fomu, mstari wa kwanza imeandikwa: kwa hiari yake."

"Sasa mbona umewaambia watu wote ni lazima?"

"Ningemwambia nini dada yangu? Kwamba nimependa?" Akatabasamu, na baba yangu si mtu wa kutabasamu ovyo. "Na nimependa, inshallah uende urudi salama. Pita basi, gari linangoja na mikono yangu inachoka."

Nilipita chini ya msahafu mara tatu, nikilia na kucheka kwa pamoja. Usiku wa kwanza Malaysia nilifungua mfereji wa bafuni, nikausikiliza unavyomwaga maji bila kukoroma, nikawaza: haya, na sisi tutayapata vipi? Hadi leo ndilo swali ninalofundisha.

Yote hayo yalinirudia pale kikaoni. Nilisimama kabla sijaitwa. Nikasema wenye udhuru wasamehewe, na wenye wagonjwa nyumbani wasisumbuliwe, lakini neno "lazima" libaki kwenye karatasi, tena kwa herufi kubwa. Sauti ilinipanda mpaka jirani yangu akanivuta mkono wa buibui. Mwenyekiti akaniuliza, kwani hiari ina ubaya gani?

"Haina ubaya," nikamjibu. "Ila si kila msichana ana baba wa kumsaidia kusema uongo."

Kura ilipoitishwa, nikanyoosha mkono, wa kwanza.