Kimya cha Usaili wa Saba

Majirani walimwita Fundi na kumletea simu mbovu, ingawa yeye alisomea kuandika programu za kompyuta. Ajira ndiyo hakuwa nayo. Alishafanya usaili mara sita, chumbani kwake, kwa video, na mara zote aliangukia pua.

Mama yake alijilaumu. Katika usaili wa tatu aliangusha sufuria jikoni, mwanawe akababaika katikati ya jibu. Tangu hapo, kila siku ya usaili alizima redio, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba, akimfukuza hata dada yake mwenyewe kwa macho tu.

Usaili wa saba ulichukua saa mbili. Fundi aliandika programu huku wasaili watatu wakimtazama, na safari hii hakubabaika.

"Karibu kazini," wakamwambia.

Akafungua mlango mbio. "Mama, nimepata!"

Mama alikuwa amelala sakafuni kando ya kigoda, mikono imeshaanza kupoa. Alikuwa ameng'ata kitambaa chake cha kichwani kwa nguvu, asije akasikika.