Mashudu Aliyozidisha Alute

Mume wangu Alute alikuwa mtu wa kuhangaika. Hata ugali alikula amesimama. Mwaka ule wa sabini na sita kijiji chetu cha ujamaa kikapewa ng'ombe mmoja wa maziwa, kamati ya kijiji ikamkabidhi yeye. Basi ndiyo kabisa! Asubuhi bandani, mchana bandani, mimi nikabaki kuongea na vyungu.

Laurian, bwana mifugo, alikuwa ametuonya. Mwisho wa mwezi akikuta ng'ombe hafikishi chupa sita asubuhi, anamhamishia kijiji kingine. Wakati huo ng'ombe alikuwa anatoa nne. Alute akaanza kumpa mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, debe zima kwa siku, kisha akazidisha. Maziwa yakashuka hadi tatu na nusu, na banda likanuka mkojo mkali mpaka ukiinama kukamua macho yanachoma.

Mwenzangu akafurahi! Sisi Wanyaturu uwele wetu unataka samadi. Banda likiwasha pua, tunasema mifugo imeshiba na samadi imeiva.

"Sikia harufu hiyo, mama Mughwai," akaniambia. "Chakula kinafanya kazi."

Kazi gani, na maziwa yanapungua? Mwanamume huyu!

Zikiwa zimebaki siku kumi, Laurian akapita. Akaingia bandani, akatoka anapangusa macho.

"Shikamoo, mzee. Hayo unayonusa ni mashudu yako. Umempa kuliko mwili wake unavyoweza kutumia. Yanayozidi yanatoka na mkojo, na kuyatoa kunamchosha. Mpe robo debe tu, umwongezee pumba za mtama na majani, apate nguvu ya kuyageuza kuwa maziwa."

Alute akaitikia, ndiyo, ndiyo. Mgeni hajafika barabarani, yeye kashika debe. Nikapandwa na hasira. Nikampokonya, nikalikalia gunia la mashudu, nikamwambia hapa sitoki. Ikawa kila siku nashinda pale, nachambua mboga juu ya gunia, majirani wananicheka. Robo debe nilipima mwenyewe.

Siku ya nne akanijia mbio kutoka bandani.

"Ondoka! Harufu imeisha. Ana njaa!"

"Ameshiba, baba Mughwai."

"Wale ng'ombe wetu kumi na mmoja waliotufia tulipohamishiwa huku, hukuwaona? Walilamba udongo! Leo nimepata chakula, unanikataza nisimpe?"

Niliwaona, jamani. Nililia pale pale, lakini sikuinuka.

Mwisho wa mwezi Laurian akaja na karatasi, kamati nzima ikasimama mlangoni. Alute akakamua. Zikajaa chupa sita, na ya saba ikafika shingoni.

"Anabaki," Laurian akasema, akatoa kalamu. "Mtunzaji niandike Alute, kama zamani?"

Alute akanitazama. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kusikia jina langu kinywani mwake mbele ya watu.

"Hapana," akasema. "Andika Esta."